Ukumbi wa Cole na Walioingia Humo

Kila panapotolewa pendekezo la kujenga ukumbi mkubwa wa michezo katika chuo kikuu, hapakosi mtu wa kuuliza iwapo fedha hizo hazingefaa zaidi kununulia vitabu na kujengea mabweni. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, jawabu lake halimo katika hesabu ya tikiti pekee. Yafaa kuuliza pia ni kina nani watakaofunguliwa milango ya ukumbi huo, na kwa shughuli gani.

Tuuchukue mfano wa ukumbi wa Cole wa Chuo Kikuu cha Maryland, mjini College Park, karibu na jiji la Washington. Ulifunguliwa mwaka 1955 na kupewa jina la jaji William P. Cole, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa chuo hicho. Mwenyeji wake mkuu alikuwa mpira wa kikapu, lakini haukuwa wa mchezo huo peke yake. Hata Elvis Presley aliimba humo mwaka 1974.

Usiku wa tarehe 19 Machi 1966, fainali ya vyuo vikuu vya Marekani ilichezewa humo. Kentucky, chini ya kocha mashuhuri Adolph Rupp, ilikuwa na wachezaji weupe watupu. Don Haskins wa Texas Western naye aliwaanzisha vijana watano weusi, jambo ambalo halijapata kutokea katika fainali hiyo, na wote saba aliowatumia usiku ule walikuwa weusi. Walishinda kwa pointi 72 kwa 65. Ikumbukwe kwamba Maryland yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imemwingiza Billy Jones, mchezaji wake wa kwanza mweusi wa mpira wa kikapu. Ubaguzi haukukoma kwa sababu ya mchezo mmoja, wala hatudai hivyo. Ila madai kwamba mtu mweusi hawezi kuongoza timu kubwa yalibaki uchi mbele ya maelfu ya mashahidi.

Huenda jina la Texas Western likawa geni kwa baadhi ya wasomaji. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuitwa Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, na ndicho walichokikimbilia Wilson Waigwa wetu na jirani yetu Suleiman Nyambui wa Tanzania.

Mnamo Aprili 1972, wachezaji wa tenisi ya meza kutoka Uchina walikaribishwa katika ukumbi uo huo, miezi miwili tu baada ya Rais Nixon kuzuru Beijing. Mataifa mawili yaliyokuwa yamenuniana kwa zaidi ya miaka ishirini yalikutana juu ya meza ya mbao, na binti wa Rais, Tricia Nixon, akawa miongoni mwa watazamaji. Mabalozi wangehitaji vikao vingapi kupata picha kama ile?

Mwaka 2002 mpira wa kikapu ulihamia ukumbi mpya, mkubwa zaidi, uliopewa jina la kampuni ya Comcast na, tangu 2014, jina la bidhaa ya kampuni iyo hiyo. Ule wa zamani haukubomolewa, nasi twawapongeza wakuu wa Maryland kwa hilo. Lakini mahali pa mpira wa kikapu palitandazwa uwanja wa mazoezi wa timu ya kandanda ya Kimarekani. Mwaka 2021 ukaitwa Jones-Hill, kwa heshima ya Billy Jones na Darryl Hill, vijana weusi waliotangulia kuichezea Maryland, mmoja katika mpira wa kikapu na mwenziwe katika kandanda hiyo.

Jina hilo ni bora kuliko yote mawili yaliyotajwa. Linalotusikitisha ni kwamba limekuja wakati ambapo paliposimama maelfu wakishangilia pamekuwa pa kujifunzia timu moja. Chuo chochote kinachochora ramani ya ukumbi leo kingefanya vyema, kabla ya kutia sahihi mkataba wa kuuza jina, kuandika humo ni siku ngapi kwa mwaka wanafunzi wasio wachezaji, na majirani wasio wanafunzi, watafunguliwa milango.