Sanduku la besi na fundi wake
Muziki wa matatu huanzia kwenye useremala. Spika ya besi ya inchi 12 ikiachwa bila sanduku, mawimbi ya nyuma ya koni hufuta yale ya mbele, na mlio hutoka mwembamba kama wa redio ya mfukoni. Kwa hiyo fundi wa jua kali wa Kitale au Bungoma hupima mbao, huzikata, huziunga kwa gundi na skrubu, kisha huziba viungo vya ndani kwa silikoni. Ufa mdogo tu ukibaki, besi ikipiga, hewa hufoka pale kwa mluzi. Wabukusu wa huko hawahitaji kufundishwa umuhimu wa sanduku: litungu, ala yao ya nyuzi, lisingesikika mbali bila sanduku lililowambwa ngozi.

Seremala huyohuyo sasa ndiye fundi umeme. Ampu inayovuta wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 huhitaji takriban ampea 83. Waya mwembamba wa taa hauhimili hata robo yake. Fyuzi hukaa karibu na betri, wala si karibu na ampu, kwa sababu waya ukikwaruzwa na bodi njiani unaweza kushika moto. Mvumo unaopanda na kushuka pamoja na injini mara nyingi hutoka kwenye erthi iliyofungwa juu ya rangi. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma kiwe cheupe, ndipo bolti ikazwe.