Tusimwache mwalimu wa chuo peke yake na kompyuta

Vijana wenzetu wa Kasongo na Kabambare,

Tumezoea kulaumu walimu wa chuo: sillabusi iko bei kali, usiponunua hupiti. Sisi tulilipa, uchungu wake tunaujua. Lakini leo tunasema jambo ambalo wengine hamtalipenda: lawama peke yake haibadilishi kitu. Hawa walimu tuwaunge mkono.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mfumo wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi nzima vinatakiwa kuufuata. Mwaka mmoja ni krediti 60, na sehemu ya kila krediti ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma, kutafuta, kuandika. Asome nini? Vitabu ni vichache. Profesa mgeni anafika na pikipiki, anamaliza kozi kwa siku chache, anarudi kwao. Mwanafunzi anabaki na fotokopi.

Na asistanti? Wengi hawajaingia kwenye listi ya mishahara ya Leta. Ile sillabusi njo chakula cha watoto wake. Ukimwambia aweke kozi bure kwenye simu za wanafunzi bila kumlipa, unamnyang'anya sahani.

Teknolojia yenyewe si ndoto. Moodle ni programu ya bure, iko tangu 2002. Inaweza kukaa kwenye kompyuta moja ya chuo, wanafunzi wakasoma kwa wifi ya ndani bila kununua megabaiti. Anayerudi likizo Kabambare anabeba kozi zake kwenye kadi ya memori.

Kwa hiyo tunadai:

- Leta iwalipe walimu wote wanaofundisha.
- Vyuo vipate paneli za jua na kompyuta.
- Walimu wafundishwe kwa wiki kadhaa, si semina ya siku moja ya kupiga picha.
- Saa za kutayarisha kozi ya kompyuta zilipwe kama saa za darasani.

Na sisi wenyewe? Tuko na diploma, kazi hatuna, lakini simu tunaijua. Jumamosi tukae na mwalimu, tumsaidie kuandika kozi na kurekodi somo. Kwa heshima! Asichekwe mzee anayetafuta herufi kwa kidole kimoja. Yeye alitufundisha kusoma vitabu vigumu. Sasa ni zamu yetu.

Aliye tayari, aje na simu yake.