Maradhi Yakifika Katika Ini

Ndugu zetu wa Pemba, mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana akiambiwa kuwa maradhi yamefika katika ini, jamaa zake ama hukata tamaa, ama huuza mikarafuu upesi avushwe Dar es Salaam kupasuliwa. Yote mawili ni pupa. Daktari mpasuaji hatazami kitakachotolewa tu, bali kitakachobaki: kwa uchache asilimia 20 ya ini, na zaidi ikiwa limechoshwa na dawa, damu iingie na kutoka, nyongo ipate njia. Hapo ini hukua tena kwa uwezo wa Mola. Na yasiyokatika leo, pengine dawa huyapunguza yakakatika baadaye. Basi, kabla ya kuuza shamba, muulizeni daktari: “Kitabaki nini?” Na Mponyaji ni Mwenyezi Mungu.