Vazi Tumelizungumza Sana

Tulipokaa kupanga toleo hili niliwapa waandishi sharti moja: anayetaka kuandika kuhusu vazi la ufukweni akaandikie gazeti jingine. Walicheka, kisha mmoja akauliza, “Sasa kwenye Miss World tutaandika nini, mhariri?” Swali lake lilinionyesha tulikofika. Zaidi ya miaka sabini tumeligombania shindano hili tukiwa tumekodolea macho nguo ya msichana, na mwenye shindano amekaa pembeni anahesabu tiketi.

Nguo yenyewe ilikuwa tangazo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1951 London ilikuwa na Tamasha la Uingereza, na Eric Morley alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya kumbi za dansi iliyoitwa Mecca (jina si utani wangu). Akabuni shindano la wasichana waliovaa bikini, vazi ambalo wakati huo bado lilikuwa geni na la kutia haya. Kiki Håkansson wa Sweden alivishwa taji akiwa ndani ya bikini hiyo. Lawama zikasikika hadi Vatican, magazeti yakapata cha kuandika, na jambo lililokusudiwa kuwa la mara moja likageuka la kila mwaka.

Tangu hapo kila mgomvi ametafutiwa kipande chake cha kugombania. Mwaka 1996 waandamanaji walipochachamaa Bangalore, India, onyesho la vazi la ufukweni lilihamishiwa Seychelles, na fainali ikaendelea palepale Bangalore chini ya ulinzi mkali. Desemba 2014 waandaaji wakatangaza kulifuta kabisa onyesho hilo. Wengi walishangilia. Mimi nilijiuliza kama leseni inayouzwa kwa kila nchi nayo imefutwa. Shindano lilibaki mali ya watu binafsi, likiongozwa na Julia Morley, mjane wa Eric, ambaye amelishika tangu mumewe alipofariki mwaka 2000.

Kwetu Tanzania mambo hayakwenda tofauti sana. Theresa Shayo alituwakilisha Miss World mwaka 1967. Oktoba mwaka uliofuata Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969: marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Tangazo halikusubiri Januari. Kariakoo, kwenye vituo vya mabasi, makundi ya wanaume yaliwavamia wasichana mchana kweupe. Aliyekiona cha moto ni aliyevaa sketi. Aliyeiuza alifungua duka kesho yake kama kawaida. Na kuhusu mawigi, nusu karne baadaye, Quiin Abenakyo wa Uganda alipotwaa Miss World Africa ya 2018, Rais Museveni alimpongeza, halafu akamlaumu kwa kuvaa nywele za Kihindi. Binti amewapita wenzake wa bara zima, na bado kuna mzee wa kumkagua kichwa!

Mashindano ya urembo, yaliyokuwa yamekoma, yaliporudi Tanzania mwaka 1994, chini ya Hashim Lundenga na kampuni yake ya Lino, yalirudi kama biashara. Tukapata mawakala wa vitongoji, kambi, tano bora, gari la mshindi na jina la mfadhili mbele ya jina la nchi: Vodacom Miss Tanzania. Sina ugomvi na biashara. Ila katika miaka yote ile ya kubishana kama mapaja ni utamaduni wetu au si utamaduni wetu, sikumbuki mtu aliyesimama kuuliza mkataba wa mlimbwende unasemaje. Picha zake ni za nani? Akiugua kambini anatibiwa na nani? Na yule aliyeshika nafasi ya nane, aliyeacha masomo au kibarua wiki kadhaa, anarudi kwao na nini?

Watetezi watanitajia majina, na majina wanayo. Nancy Sumari, Miss World Africa wa 2005, aliandika Nyota Yako kwa ajili ya watoto. Faraja Kotta, Miss Tanzania wa 2004, alianzisha jukwaa la elimu la Shule Direct. Hoyce Temu wa 1999 aliteuliwa kwenda Geneva katika ubalozi. Millen Magese wa 2001 ameusema ugonjwa wa endometriosisi hadharani wakati wengi walikuwa wakiuficha. Nawaheshimu wote. Lakini hiyo ni kazi yao, na kuiandika kwenye hesabu ya shindano ni kumpa mwenye basi sifa za abiria. Tena tazama: tangu 1972 Miss World ina kitu inachokiita urembo wenye lengo, ambapo binti anatakiwa aonyeshe mradi wa hisani. Mbwana Samatta hajawahi kuambiwa ajenge zahanati ndipo bao lake lihesabiwe. Mwanasoka anaonekana anafanya kazi, kwa hiyo ana wakala na mshahara. Mlimbwende anaonekana amependelewa, kwa hiyo anadaiwa shukrani.

Na si walimbwende peke yao wanaolipa: mwaka 2002 fainali ya Miss World ilipangwa kufanyika Nigeria. Gazeti moja la huko likaandika kuhusu shindano maneno yaliyowaudhi Waislamu, fujo zikazuka Kaduna, na watu zaidi ya 200 wakafa. Shindano likapanda ndege kwenda London na mshindi akapatikana Desemba ya mwaka uleule, Azra Akın wa Uturuki. Kaduna wakabaki na makaburi.

Na Mei 2025, Hyderabad, Milla Magee wa England alifunga virago kabla ya fainali, akidai kwamba washiriki walipangwa kwenye meza za wafadhili kuwachangamsha wageni. Waandaaji walikanusha. Wakati huo bikini ilikuwa imeshaondolewa zaidi ya miaka kumi. Nafasi ya Magee ilijazwa na mwenzake kutoka England, na tarehe 31 taji likaenda kwa Opal Suchata Chuangsri wa Thailand kama ratiba ilivyotaka. Mwandishi aliyeniuliza tutaandika nini ameanzia kwenye meza zile. Makala yake ndiyo ya kwanza, ukurasa wa 6.