Kama ni hesabu, tuonyesheni

Watu wenye akili timamu, Durban hata Dar es Salaam, husema bima haimchukii mtu, inapiga hesabu tu. Nyumba ya bei nafuu ikinyimwa bima au ikitozwa ada ya kukomoa, wa kulaumiwa ni mvua, moto na wezi. Kauli tamu hiyo, na ni kisingizio.

Aprili 2022 sehemu kadhaa za Durban zilipata zaidi ya milimita 300 za mvua kwa siku moja. Watu zaidi ya 400 walikufa KwaZulu-Natal, na Mto Palmiet ukasomba vibanda vya mtaa wa Quarry Road. Mafuriko hayo hayo yaliingia kiwanda cha Toyota huko Prospecton, bondeni kusini mwa jiji, uzalishaji ukasimama kwa miezi. Kiwanda kilikuwa na bima. Kumbe kukaa kwenye njia ya maji kunavumilika, ilmradi mkaaji awe Toyota.

Nakubali, kibanda cha mabati ukingoni mwa mto ni vigumu kukikatia bima. Lakini nyumba za ruzuku za serikali ni za matofali, na nyingi ziko mbali na mto. Hapo fomu ya bima inauliza anwani, na anwani za Durban hazikupangwa na mvua. Zilipangwa na Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950, iliyotenga makazi kwa rangi. Cato Manor ikabomolewa, watu wakapelekwa KwaMashu na Umlazi. Hata Wazanzibari wa Kings Rest, wazao wa watumwa waliokombolewa na kushushwa Natal kuanzia 1873, walihamishiwa Chatsworth miaka ya 1960. Hesabu inayoanzia kwenye anwani imeanzia kwenye ramani ya makaburu.

Wengine hudai masikini hathamini bima. Basi nani analipia bima za mazishi zinazouzwa kila kona ya Umlazi, mwezi kwa mwezi? Ada ya jeneza inapokewa bila kinyongo. Ikiwa ya paa, mtaa unageuka hatari.

Sheria ya usawa ya Afrika Kusini ya 2000 inataja waziwazi kutenga mitaa kwa rangi au hali ya kijamii kuwa mfano wa ubaguzi. Mwaka huo huo bunge lilipitisha sheria ya kuzitaka benki zitoe taarifa za mikopo ya nyumba. Bima ikaachwa nje, ingawa benki haikopeshi kwa nyumba isiyo na bima. Mlango mmoja umewekewa taa, wa pili una giza.

Mamlaka ya Mwenendo wa Sekta ya Fedha izilazimishe kampuni zichapishe, kata kwa kata, maombi yaliyokataliwa, ada zilizotozwa na fidia zilizolipwa. Ikionekana nyumba ya matofali iliyo juu kilimani Umlazi inatozwa kama iliyo mtoni, mahakama za usawa zipo, na kesi ifunguliwe.