Kingamwili Zing'aazo na Maumivu ya Viungo Uwandani Makonde

Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa wa homa kali na maumivu ya viungo katika uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala na Masasi. Wagonjwa walipinda kwa maumivu, na neno la Kimakonde lenye maana hiyo likaupa ugonjwa jina: chikungunya. Mwaka 1953 virusi vyake vilipatikana katika damu ya wagonjwa. Maji yakiwa haba uwandani, mbu walizaliana katika vyombo vya akiba ya maji majumbani.

Homa hiyo hupita baada ya siku chache. Hata hivyo, baadhi ya watu huendelea kuumwa viungo kwa miezi, pengine miaka. Maumivu yao hufanana sana na ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwili wenyewe.

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y. Mwaka 1941, huko Marekani, Albert Coons na wenzake waliambatanisha kingamwili na rangi ing'aayo inapomulikwa. Siku hizi watafiti hukata mkono mmoja tu wa Y, ambao ni kama theluthi ya uzito wote, wakautia rangi hiyo. Kipande hicho kidogo hupenya upesi, hunasa penye uvimbe, na kinachobaki hutoka mwilini mapema. Kipande cha namna hiyo kisicho na rangi, certolizumab pegol, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu baridi yabisi hiyo.

Je, tuikimbilie dawa hiyo? Hasha. Hupunguza nguvu za kinga, na yaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, maradhi ambayo bado yanatusumbua sana.

Kwa maoni yangu, hatuna budi kuanza na utambuzi. Hospitali za Newala na Masasi zipewe vipimo vya chikungunya, vya baridi yabisi na vya kifua kikuu. Kipimo kimoja hakitoshi, kwani kingamwili za chikungunya hudumu katika damu miaka mingi baada ya mtu kupona; kwa hiyo tarehe ya homa nayo iandikwe. Wakati huohuo vyuo vyetu vifundishe ufundi wa vipande hivi, ambavyo bakteria waweza kuvitengeneza. Mgonjwa wa Newala ana haki ya kujua kinachomwuma kabla hajapewa dawa.