Ndoo chini ya bomba linalovuja si dawa

Katika nyumba nyingi, bomba la mvua la bafuni likianza kudondosha matone, jambo la kwanza ni kusogeza ndoo. Baba anasema fundi ataitwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi unafika, ada ya shule inatangulia, na ndoo inabaki pale pale.

Kukinga maji ni jambo jema, lakini kwenye familia yenye watoto wadogo ndoo hiyo ina hatari kuliko ankara ya maji. Kichwa cha mtoto anayejifunza kutembea ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinamia ndoo kuchezea maji na kutumbukia kichwa chini, hawezi kujinyanyua, na maji ya kina cha sentimita 5 tu yanatosha kumzamisha. Mara nyingi hutokea kimya kimya, mzazi akiwa chumba cha pili.

Aidha, maji yanayokaa wazi wiki nzima ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, ugonjwa uliowasumbua wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kwa hiyo, wakati koki inasubiri kutengenezwa, ndoo imwagwe kila siku na mlango wa bafu ufungwe.

Hasara inapimika

Mzazi anayedhani matone ni kitu kidogo ajaribu hivi. Usiku baada ya wote kuoga, aweke ndoo tupu ya lita 20 chini ya bomba, na kuiangalia baada ya saa 12. Ikiwa imejaa, nyumba inapoteza lita 40 kwa siku, sawa na lita 1,200 kwa mwezi. Uniti moja ya maji kwenye ankara ni lita 1,000. Familia inalipia zaidi ya uniti moja ambayo hakuna aliyeioga.

Asishtuke lakini kwa matone ya dakika chache za mwanzo. Hayo ni maji yaliyobaki kwenye bomba la juu. Yakiendelea hata baada ya nusu saa, koki ina tatizo.

Tatizo liko wapi

Koki za zamani, zile zinazozungushwa mara kadhaa ndipo zifunge, zina mpira mdogo ndani unaoziba njia ya maji. Mpira ukichakaa, maji hupita hata koki ikiwa imefungwa. Hapo ndipo familia nyingi hukosea: kila mtu anakaza kwa nguvu zaidi. Kukaza huko kunaukata mpira na kuharibu sehemu ya shaba unapokalia. Tatizo la mpira mmoja linageuka kuwa la koki nzima, na mtoto mwenye mkono mdogo hawezi tena kuifunga.

Ikiwa maji yanatoka kwenye shina la kishikio wakati koki imefunguliwa, tatizo ni kizibo cha shina hilo. Ukuta ukiwa na unyevu au rangi inayobanduka, huenda bomba lililomo ukutani linavuja. Hiyo ni kazi ya fundi bomba, na isicheleweshwe.

Kubadilisha mpira

Kazi hii mzazi anaweza kuifanya akiwa na bisibisi, spana na kitambaa:

1. Afunge koki kuu, ile ya karibu na mita au ya kutoka kwenye tangi, kisha afungue bomba la bafuni maji yaishe.

2. Azibe tundu la sakafuni kwa kitambaa ili skrubu zisitumbukie.

3. Atoe kifuniko kidogo cha kishikio, skrubu, kisha kishikio chenyewe.

4. Afungue kichwa cha koki kwa spana iliyozungushiwa kitambaa. Mpira uko mwishoni mwake.

5. Aende na mpira wa zamani dukani, anunue unaolingana nao.

6. Kabla ya kurudishia, apitishe kidole pale mpira unapokalia. Pakiwa laini, afunge mpira mpya na kurudisha kila kitu, koki ikiwa nusu wazi ili mpira usibanwe. Kisha afungue koki kuu polepole.

Kidole kikigusa mikwaruzo au mashimo, mpira mpya hautadumu. Hapo ni bora kununua koki mpya kuliko kubadilisha mpira kila mwezi. Hali kadhalika kama koki ina kutu au shina lake limelegea. Koki za kisasa zinazofunga kwa kuzungushwa robo hazina mpira huo. Zikivuja, hubadilishwa kifaa kizima cha ndani.

Bafu lenye hita ya umeme

Bomba la mvua lenye hita ya umeme lisiguswe kabla ya kuzima umeme wake kwenye swichi kuu ya nyumba. Maji yakitoa hata shoti ndogo, hakuna mtu wa kuoga hapo, mkubwa wala mdogo, mpaka fundi umeme aliyesomea kazi hiyo akague waya na athi.

Nani alipe?

Kwenye nyumba za kupanga zenye mita moja, bafu linalovuja huleta ugomvi, kwa kuwa wote wanachangia ankara. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba mapema, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu unaobaki kama kumbukumbu. Wakubaliane nani ananunua kifaa na kama gharama itakatwa kwenye kodi. Risiti itunzwe.

Baada ya matengenezo, watoto waonyeshwe kufunga koki mpaka maji yakatike, basi, bila kuikaza zaidi. Wale wakubwa waonyeshwe koki kuu ilipo, ili bomba likipasuka wazazi wakiwa kazini wajue pa kukimbilia. Nayo ndoo irudi kwenye kazi yake, na ikiwa haina kazi, ilazwe kifudifudi.